Haja Kwanza, Mashine Baadaye: Historia ya Kompyuta Zilizoundwa kwa Kazi Maalumu



Ndugu msomaji, hebu tuanze na jambo dogo. Jioni ya leo, kabla hujatia tende mdomoni, utatupia jicho kitu fulani. Huenda ni ile kalenda ya Ramadhan iliyobandikwa ukutani jikoni, huenda ni simu yako. Utaona saa na dakika, na utasubiri. Lakini umewahi kujiuliza ile dakika imetoka wapi? Kwa nini mtu wa Mombasa afuturu karibu dakika 20 kabla ya ndugu yake aliyeko Kisumu, ilhali wote wako nchi moja na saa zao za ukutani zinasema kitu kimoja? Ni wazi kwamba mtu fulani alikaa akapiga hesabu.

Hesabu hiyo ina historia ndefu, na ni historia ya kompyuta. Najua utashangaa. Sisi tukisikia kompyuta tunafikiria kile kidude chenye kioo na kibao cha herufi, ambacho leo mtu anaandikia barua, kesho anatazamia mpira, keshokutwa mdogo wake anachezea gemu. Kompyuta ya namna hiyo, inayofanya kila kitu, ni ya juzijuzi tu. Kwa karne nyingi kabla yake, mashine za hesabu zilikuwa na kazi moja. Palikuwa na mtu mwenye shida maalumu, akaitazama shida yake vizuri, kisha akaunda chombo cha kuitatua hiyo hiyo. Haja ilitangulia, mashine ikafuata.

Katika makala haya nataka tufuatane kuangalia mashine chache za aina hiyo, tangu Isfahan na Damascus hadi London, kisha turudi nyumbani. Na mwisho tuulizane swali moja linalotuhusu sisi vijana wa leo.

MWEZI NDANI YA SANDUKU

Tuanze na mwezi, kwani huu ni mwezi wenyewe!

Kuhesabu siku za mwezi kwa mitambo si jambo lililoanzwa na Waislamu. Mwaka 1901, kutoka kwenye meli iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera huko Ugiriki, kulitolewa vipande vya mtambo wa shaba wa zaidi ya miaka 2,000, uliokuwa na magurudumu ya meno ya kuhesabia mwendo wa jua na mwezi. Lakini elimu ile haikuishia hapo. Mnamo mwaka 1000 hivi, mwanachuoni mkubwa Abu Rayhan al-Biruni alieleza jinsi ya kuunda chombo alichokiita sanduku la mwezi: magurudumu ya meno yaliyopangwa ili ukizungusha upande mmoja, upande wa pili ukuonyeshe mwezi umefikia wapi.

Na kipo kimoja cha aina hiyo ambacho unaweza kukiona kwa macho. Katika jumba la makumbusho ya historia ya sayansi mjini Oxford, Uingereza, kuna asturlabu iliyotengenezwa Isfahan mwaka 618 Hijria, yaani 1221 au 1222 Miladia, na fundi aliyeitwa Muhammad bin Abi Bakr. Asturlabu ni kile chombo cha duara cha shaba ambacho watu wa zamani walikitumia kupimia jua na nyota. Hii ya Isfahan ina jambo la ziada: ndani yake mna magurudumu ya meno. Unazungusha upande wa mbele, na upande wa nyuma kuna kidirisha cha duara kinachoonyesha sura ya mwezi ukikua kutoka hilali hadi kuwa mpevu kisha ukififia, na kidirisha kingine kinachokwambia mwezi una siku ngapi. Miaka 800 imepita na magurudumu yake bado yamo!

Sasa tazama ufundi wa hesabu yake. Mwezi wa mbinguni huchukua siku 29 na nusu hivi kutoka mwandamo hadi mwandamo. Hakuna gurudumu la meno 29 na nusu, kwani nusu ya jino haifanyi kazi. Lakini miezi miwili ni siku 59, na 59 ni hesabu kamili. Kwa hiyo ukiunda kwa miezi miwili badala ya mmoja, mambo yanakwenda.

Lakini kuna jambo la pili hapa, na naomba ulishike kwa sababu tutalirudia. Mtambo ule ulikuwa ukijibu swali moja tu: kwa hesabu ya wastani, leo mwezi una siku ngapi? Kama mawingu yamefunga magharibi, wenyewe haujui. Kama kuna watu wawili waadilifu waliouona mwezi ufukoni, wenyewe haujui pia. Hilo halikuwa swali ulilopewa. Mashine haijibu swali ambalo haikuulizwa, na mtu anayesahau hilo huishia kuibebesha mzigo usio wake.

MTU WA NYAKATI

Kuanzia karne ya 13, misikiti mikubwa ya Misri na Sham ilianza kuajiri mtu maalumu anayeitwa muwaqqit, yaani mtu wa nyakati. Kazi yake ilikuwa kujua kwa hesabu lini jua limepinduka, lini alasiri imeingia, lini alfajiri imechomoza, ili muadhini aadhini kwa wakati.

Mashuhuri kuliko wote ni Ibn al-Shatir, aliyekuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umayya mjini Damascus katika karne ya 14. Huyu bwana hakukaa akisubiri chombo kije kutoka kwingine. Mwaka 773 Hijria, sawa na 1371 au 1372, aliweka kwenye mnara wa msikiti ule saa kubwa ya jua iliyochongwa kwenye jiwe, yenye mistari ya saa na ya nyakati za swala. Kabla ya hapo, miaka ya 1360, alikuwa ameunda kisanduku kidogo cha kubebwa mkononi, ndani yake mna saa ya jua na dira ya kumwonyesha mtu kibla. Kubwa kwa ajili ya watu wote msikitini, dogo kwa ajili ya msafiri. Kazi ni ileile, lakini haja mbili tofauti, kwa hiyo vyombo viwili tofauti.

Naye al-Kashi, aliyefanya kazi Samarkand zama za mtawala mwanachuoni Ulugh Beg, aliandika mwaka 1416 kitabu kuhusu vyombo viwili alivyovibuni. Kimoja kilikuwa bamba la kutafutia saa ambayo sayari mbili zitakutana. Majedwali ya wakati ule yalikuwa yakitaja mahali pa kila sayari mara moja kwa siku. Je, ukitaka kujua ni saa ngapi hasa kati ya siku moja na nyingine? Ilibidi uketi na kalamu ugawanye na kuzidisha. Al-Kashi akasema, kwa nini nirudie hesabu ileile kila mara? Akaitia hesabu kwenye mistari ya bamba, ukipanga rula yako unasoma jibu. Alitumia akili mara moja, kisha chombo kikaendelea kumfanyia.

Na kabla yao wote alikuwepo al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9. Neno algorithi, ambalo wataalamu wa kompyuta wanalitumia kila siku kumaanisha hatua za kufuata ili kupata jibu, limetokana na jina lake lilivyotamkwa na watu wa Kilatini. Wengi wanajua hilo. Wasilolijua ni kwamba kitabu chake cha aljebra kina sehemu kubwa inayohusu mirathi na wasia. Mtu amefariki, ameacha mke, watoto, madeni na wasia. Kila mmoja apate nini? Aljebra ile aliiandika ili watu wagawane mali bila ugomvi.

MAJI KUJAA NA MAJI KUPWA

Tubaki na mwezi uleule, lakini sasa tushuke baharini.

Wewe uliyezaliwa Lamu, Mombasa, Vanga au Malindi hili halihitaji maelezo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Na kila siku maji huchelewa dakika 50 hivi kuliko jana. Mvuvi wetu anahesabu siku za mwezi kwa vidole na anajua saa ngapi ngalawa yake itaelea.

Hesabu ya vidole inamtosha mwenye ngalawa. Haimtoshi nahodha wa meli kubwa ya chuma, ambaye akikosea kwa futi mbili anapanda mwamba. Na kwa nini hesabu ya vidole isitoshe? Kwa sababu mwezi hauko peke yake. Jua nalo linavuta maji. Mwezi mwenyewe wakati mwingine unakuwa karibu na dunia, wakati mwingine mbali, wakati mwingine uko kaskazini, wakati mwingine kusini. Kila sababu inapandisha na kushusha maji kwa mpigo wake: wa mwezi kila saa 12 na dakika 25 hivi, wa jua kila saa 12 kamili, na nyinginezo nyingi. Bahari unayoiona ni jumla ya hizo zote. Karani mwenye kalamu angeweza kujumlisha, lakini kwa bandari moja, kwa mwaka mzima, angeumwa mgongo!

Ndipo mwaka 1872 mwanasayansi William Thomson wa Uingereza, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, akaanza kuundiwa mashine ya kutabiri maji. Ilikuwa ya shaba, haina umeme, lakini ilikuwa kompyuta hasa. Ilifanya kazi namna hii. Kila sababu ilipewa gurudumu lake, na kila gurudumu lilipandisha na kushusha kapi moja. Kapi unalijua, ni lile la kupandishia tanga la jahazi. Waya mmoja ulipita juu ya kapi hili, chini ya lile, juu ya jingine, mpaka mwisho. Ncha moja ya waya ilifungwa, ncha ya pili ilibeba kalamu iliyogusa karatasi. Kapi moja likipanda waya unavutwa, jingine likishuka waya unalegea, na kalamu inafuata jumla ya yote. Fundi anazungusha mkono wa mashine, na karatasini unajichora mstari wa maji kujaa na kupwa, siku baada ya siku. Mashine hiyo ya kwanza ilikuwa na sababu 10, na ilimaliza maji ya mwaka mzima wa bandari moja kwa saa 4 hivi.

Mwaka 1879 ikaundwa nyingine, yenye sababu 20, na bwana Edward Roberts ndiye aliyeibuni. Hii ilitengenezwa mahsusi kwa ajili ya bandari za Bara Hindi, kwa gharama ya serikali ya kikoloni ya huko. Fikiria hilo kidogo. Bahari ni ya Hindi, wavuvi na manahodha wa huko walikuwa wakiijua tangu mababu, lakini mashine ilikaa London. Nani alikuwa na haja ya dakika na inchi? Ni mwenye meli za mvuke, mwenye kusafirisha pamba na askari. Aliyelipia mashine ndiye aliyechagua swali. Hili nalo ulishike.

Marekani nao wakajiundia. Mashine yao ya pili, iliyomalizika 1910, ilikuwa na sababu 37, na ikafanya kazi mpaka 1965.

Kisa cha kushangaza zaidi ni cha vita vya pili vya dunia. Mwaka 1943 majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao walikuwa wakipanga kwa siri kuvuka bahari kuingia Ufaransa iliyotekwa na Wajerumani. Ufukwe wa huko maji hupwa sana, na Wajerumani wakaja kusimamisha vizuizi vya chuma na miti ambavyo maji yakijaa havionekani. Ukishuka maji yamejaa, mashua zinapasuka. Ukishuka maji yamekupwa kabisa, askari anakimbia mchanga mrefu bila pa kujificha. Ilitakiwa saa maalumu, karibu na alfajiri, maji yakianza kujaa.

Hesabu ilipelekwa kwa Arthur Doodson, mtaalamu wa maji katika kituo cha Bidston, karibu na Liverpool. Yeye alikuwa na mashine mbili za aina ile ya Kelvin na Roberts, na ziliwekwa mbali mbali ili bomu moja lisije likazimaliza zote. Mwezi wa Oktoba 1943 alipokea barua yenye tarakimu tupu. Jina la mahali halikuandikwa. Paliitwa tu mahali Z. Akazungusha mashine zake. Majibu yake yalionyesha kwamba siku zinazofaa ni tarehe 5, 6 na 7 Juni 1944. Tarehe 6 ndiyo ikawa siku yenyewe.

Mashine iliyoundwa ili meli zisikwame bandarini ikatumika vitani. Chuma hakina nia, nia ni ya binadamu. Kila mwenye kuunda kitu akumbuke kwamba siku moja kitashikwa na mkono mwingine.

KAMPUNI YA CHAI ILIYOUNDA KOMPYUTA

Sasa nakuuliza swali: kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi ya kawaida ya ofisi ilikuwa ya nani? Ya jeshi? Ya benki? Hapana. Ilikuwa ya wauza chai na keki!

Kampuni ya J. Lyons ya Uingereza ilikuwa na mikahawa ya chai zaidi ya 200, pamoja na viwanda vya mikate na keki. Faida ya kikombe kimoja cha chai ni ndogo mno, kwa hiyo ukiwa na makaratasi mengi kuliko vikombe umefilisika. Makarani wao walikuwa wengi na kazi haikwisha. Mwaka 1947 kampuni ikawatuma wakubwa wake wawili, Oliver Standingford na Raymond Thompson, waende Marekani wakatazame mambo mapya ya kiofisi. Kule wakasikia habari za kompyuta za kielektroniki, ambazo wakati huo zilikuwa za wanahesabu na wanajeshi. Wakaambiwa, kumbe hata kwenu Cambridge kuna bwana anaitwa Maurice Wilkes anaunda moja.

Wakarudi wakamwendea. Kampuni ikamsaidia kwa pesa na kumwazima fundi wao mmoja. Kompyuta ya Wilkes, iliyoitwa EDSAC, ilifanya hesabu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Hapo Lyons wangeweza kuinakili vivyo hivyo. Lakini hawakufanya hivyo, na hapa ndipo penye ubora wa kisa hiki.

Waligundua kwamba haja ya mwanasayansi na haja ya muuza chai zinapishana. Mwanasayansi anaingiza tarakimu chache, kisha mashine inahesabu kwa muda mrefu, kisha inatoa jibu moja. Muuza chai anaingiza tarakimu maelfu, kila moja inahitaji hesabu ndogo tu, na kila moja ina jibu lake la kuchapishwa. Ukimpa muuza chai mashine ya mwanasayansi, itakaa bure ikisubiri kulishwa. Kwa hiyo mhandisi wao, John Pinkerton, akaunda mashine yenye milango kadhaa ya kuingizia na kutolea habari kwa wakati mmoja, na kumbukumbu mara mbili ya ile ya Cambridge. Ilikuwa na valvu karibu 6,000 zinazofanana na balbu, na kumbukumbu yake ilitunzwa ndani ya mirija ya zebaki. Wakaipa jina LEO.

Mwezi wa Novemba 1951 LEO ikaanza kazi yake ya kila wiki: kupiga hesabu ya thamani ya mikate, keki na maandazi yaliyotoka viwandani. Mwaka 1954 ikakabidhiwa mishahara ya wafanyakazi. Karani alikuwa akitumia dakika 8 hivi kupiga hesabu ya mshahara wa mtu mmoja. LEO ilitumia sekunde moja na nusu.

Lakini kazi niipendayo mimi ni ile ya mikahawa. Kila msimamizi wa mkahawa, ambao wengi wao walikuwa akina mama, alikuwa na oda yake ya kawaida kwa kila siku ya wiki. Kila siku alipigiwa simu, na yeye akataja mabadiliko tu: leo niongezeeni keki kadhaa, mikate nipunguzieni. Yule aliyepiga simu alikuwa akitoboa kadi palepale anapozungumza. Kadi zinaingia kwenye mashine, na asubuhi gari linafika na mzigo sahihi. Yule mama hakujua lolote kuhusu valvu na zebaki, na hakuhitaji kujua. Mashine ndiyo iliyofundishwa desturi ya mkahawa.

Mtu aliyeongoza kazi ya kuwatazama makarani na kupanga yote haya ni David Caminer, na hakuwa mhandisi. Alikuwa mtu wa ofisi, aliyejua kila karatasi inatoka wapi inakwenda wapi. Na miongoni mwa walioandika programu za LEO, tangu 1952, alikuwemo Mary Coombs, mmoja wa wanawake wa kwanza duniani kuandika programu za biashara. Akina dada, mpo?

LEO ya kwanza ilizimwa mwaka 1965. Kampuni ya chai haikuweza kushindana na makampuni makubwa yaliyouza kompyuta kwa kila mtu, na kazi ile ya kompyuta ilikuwa imeshaunganishwa na kampuni nyingine tangu 1963.

KUTOKA SHABA HADI PROGRAMU

Hapa kuna mtu ataniuliza: sasa si zama za mashine za kazi moja zimepita? Kwa upande mmoja, naam. Mwaka 1936 Alan Turing alionyesha kwa hesabu kwamba inawezekana mashine moja ikafanya kazi ya mashine zote, mradi ipewe maelekezo. Ndiyo maana kompyuta yako inaweza kutabiri maji leo na kulipa mishahara kesho bila kubadilisha hata gurudumu moja. Kile alichokichonga fundi wa Isfahan kwenye shaba, wewe unakiandika kwa herufi.

Kwa upande mwingine, mashine za kazi maalumu hazijapita kamwe. Waliokwenda mwezini mwaka 1969 waliongozwa na kompyuta ya kilo 32 iliyoundwa kwa safari ile tu, na programu zake zilisukwa kwa mkono na wanawake kiwandani: waya ukipita ndani ya kipete ni moja, ukipita nje ni sufuri. Walisuka kama mama anavyosuka mkeka, na ukikosea ukili mmoja inabidi ufumue.

Na hapa nyumbani? Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone walianza kujaribu hapa Kenya mfumo wa simu wa kuwasaidia wakopaji wadogo kulipa mikopo yao. Lakini waliopewa kuujaribu wakaanza kuutumia kwa mambo mengine, wakitumiana pesa wao kwa wao. Waundaji wangeweza kuwakemea. Badala yake walitazama, wakaelewa kwamba hapo ndipo palipo na haja: kijana yuko Nairobi, mama yuko kijijini, na pesa zinapitia kwa dereva wa basi. Mwezi wa Machi 2007 M-PESA ikazinduliwa kwa kazi ya kutuma pesa, na ikafanya kazi kwenye simu ya kawaida kabisa, ile ya bei rahisi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa mfukoni mwa mwananchi.

SASA SWALI LETU

Ndugu msomaji, nilipokuwa kijana niliona jambo katika madrasa moja ambayo sitaitaja. Wafadhili walileta kompyuta 10. Tulifurahi, tukapiga picha, tukasoma dua. Baada ya mwaka mmoja chumba kilikuwa na kufuli, na kompyuta zimefunikwa shuka. Hazikuharibika. Ila hakuna aliyejua zimekuja kufanya nini. Wakati huohuo, ofisini, ustadh alikuwa bado akihangaika na daftari la ada lililochanika, hajui nani amelipa na nani ni yatima asiyepaswa kudaiwa. Na kila mwezi kulikuwa na mtoto aliyerudishwa nyumbani kimakosa, akilia. Shida ilikuwa chumba cha pili, mashine ziko chumba cha kwanza, na katikati hapakuwa na mtu wa kuuliza.

Baadaye binti mmoja wa kidato cha nne aliketi na ustadh siku tatu. Hakuwasha kompyuta hata mara moja. Alikuwa akimuuliza tu: hii unaiandika wapi? Ukisahau inakuwaje? Nani anayeumia? Siku ya nne ndipo alipofungua kufuli, akatengeneza jedwali rahisi, jina, darasa, amelipa, amesamehewa. Hakuna alichobuni cha ajabu. Lakini kuanzia hapo yatima hawakurudishwa tena.

Binti yule alifanya alichofanya Ibn al-Shatir, na alichofanya David Caminer. Alianza na haja.

Sisi vijana tuna maradhi ya kinyume chake. Tunanunua simu ya bei, kompyuta ya bei, kisha tunatafuta la kufanya nayo. Tukikosa tunaishia kutazama video usiku kucha mpaka daku. Programu nyingi tunazotumia ziliundwa na watu wa mbali kwa haja za watu wa mbali, na si dhambi kuzitumia. Lakini kumbuka ile mashine ya maji ya 1879: anayelipia ndiye anayechagua swali. Kama sisi hatuulizi maswali yetu, hakuna atakayetuulizia.

Na maswali yapo tele. Zaka ya mtaa wetu inakusanywaje na inamfikia nani? Mirathi ya marehemu inagawanywa kwa kubahatisha mpaka lini? Mzee mvuvi anayejua maji ya miaka 50 kichwani, nani ameyaandika? Mama muuza vitumbua anajua amepata faida au hasara? Hakuna hata moja linalohitaji kompyuta ya milioni.

Basi Ramadhan hii, baada ya tarawehe, usianze na mashine. Chagua mtu mmoja mwenye kazi ngumu, imamu, ustadh, shangazi yako mwenye duka. Keti naye. Uulize, usikilize, uandike kwa kalamu. Huenda jibu likawa ni daftari lililopangwa vizuri tu, na hiyo pia ni kazi njema. Huenda likawa ni programu ambayo haijawahi kuandikwa na mtu yeyote, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza shangazi yako.

Allah atutakabalie saumu zetu na atupe elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.